Asali Huwekwa Mwisho

Wajukuu zangu wanapika samaki kwa asali siku hizi. Wanamkata vipande, wanamlaza kwenye kikaango, wanamwagia asali na unga wa pilipili wa dukani kwa mpigo mmoja, halafu wanashangaa kwa nini jikoni kumejaa moshi. Nikiwaambia asali huwekwa mwisho, wananijibu, bibi, ni yaleyale tu. Si yaleyale. Najua kwa sababu niliwahi kuiweka mapema, mara moja tu maishani mwangu, siku ambayo sikutakiwa kukosea hata kidogo. Nina hasira za karibu, hilo kila mtu nyumbani kwangu analijua, lakini hasira inayonipanda nikinusa asali inaungua haitokani na samaki wao.

Nilizaliwa Karema, karibu na misheni kiasi kwamba kengele ya asubuhi ndiyo iliyotuamsha. Baba yangu alikuwa mvuvi, na katika samaki wote wa Ziwa Tanganyika aliyemheshimu hasa ni kuhe. Mgebuka na dagaa walikuwa chakula cha kila siku. Kuhe alisubiriwa. Akiwa mkubwa hufikia urefu wa mkono wa mtu mzima, nyama yake nyeupe na nzito, na baba hakukubali mtu amchemshe. Alimpasua mgongoni akamfungua bapa, akampaka chumvi na ndimu kutoka bustani ya mapadri, akampaka mawese ili asigande, kisha akamlaza kwenye uchanja wa miti mibichi juu ya makaa.

Kazi hiyo yote alitufundisha, mimi na kaka yangu. Tulipasua, tulichochea moto, tulitwanga pilipili kichaa na chumvi mpaka machozi yakatutoka. Ila asali hatukuigusa. Asali ilikuwa adimu kwetu. Ililetwa na Wakonongo kutoka pande za Inyonga, watu waliotembea siku nyingi porini wakiwa wamebeba malindo, yale makasha ya gome la mti ambayo hayavuji hata tone, wakabadilishana na sisi kwa samaki wakavu. Baba aliihifadhi chini ya kitanda chake. Siku ya kuhe aliichanganya mwenyewe na pilipili na ndimu kwenye bakuli dogo, akachuchumaa mbele ya uchanja, akatupa mgongo, na kwa unyoya wa kuku akaanza kumpaka samaki. Tuliloliona sisi ni mgongo wake, na fulana yenye tundu begani ambayo mama alishindwa kumshawishi aitupe.

Aliposogea, samaki alikuwa mwekundu na anang'aa. Utamu ulitangulia mdomoni, pilipili ikaja nyuma taratibu, na mtu alipoanza kutafuta maji alikuwa ameshamega kipande kingine. Kichwa kilikuwa cha baba. Kwetu kichwa cha kuhe ni cha baba wa nyumba, na hata baba akiwa ziwani hakuna aliyekigusa. Kilifunikwa bakuli kikamsubiri mwenyewe. Sikuwahi kumuuliza anafanya nini pale mbele ya makaa. Nilidhani nafasi ya kuuliza ingekuwapo.

Niliolewa Magamba, jirani na Mpanda, katikati ya miaka ya hamsini. Mume wangu alifika Karema mara ya kwanza akiwa amembebea baba yake lindo la asali, na mara ya pili, nadhani, hakuja kwa sababu ya samaki. Walikuwa Wakonongo waliohamia Magamba kutoka Inyonga. Mume wangu alipata kazi mgodini Mpanda, kule walikochimba madini ya risasi, enzi ambazo watu walikuwa bado wanatoka nyumbani kwenda kuitazama treni. Baba mkwe hakuwa na habari na mgodi wala treni. Alikuwa mrina asali kama baba yake na babu yake, na mizinga yake ilikuwa imetundikwa huko porini upande wa Inyonga, mwendo wa siku kadhaa kutoka nyumbani.

Hakuna aliyeniambia habari za mwiko kabla ya kuolewa. Niliujua kiangazi cha kwanza, siku nilipobandika sufuria ya mgebuka, nikajiona mwanamke mwenye nyumba. Mama mkwe alikuja, akanusa, akaipua sufuria yangu na kuipeleka nje ya ua. Kisha akarudi akanieleza, kwa upole, maana hakuwa mtu wa ugomvi. Mrina asali akishaanza kuloweka kamba zake za kupandia miti kwa safari ya porini, samaki haingii nyumbani mwake. Nyuki hawataki harufu hiyo. Mtu aliyekula samaki, au aliyemshika tu kwa mkono, akienda kugusa mzinga, nyuki wanauhama, na wakiuhama hawarudi. Kwa hiyo aliyegusa samaki hagusi mzinga mpaka mwezi mwingine uandame. Mvua zikianza, asali ikishafika nyumbani, samaki anaruhusiwa, na wote wanamla vizuri tu.

Leo naweza kulieleza hivyo kwa utulivu. Siku ile nilisikia jambo moja tu, kwamba mimi na kwetu tunanuka. Wifi zangu walikuwa wakinitania mla samaki, utani wa kawaida wa ndugu wa mume, na mimi badala ya kuwarudishia utani nikauweka moyoni. Kiangazi kizima nikitamani dagaa nilikwenda kuwapika kwa jirani, mama mmoja Mfipa aliyekaa karibu na kijito, nikala kama mwizi, nikasugua mikono kwa majivu na majani ya mlimau ndipo nikarudi nyumbani. Nilifanya hivyo miaka mitatu. Nilichukia kila safari.

Baba mkwe na mimi tulizungumza kidogo sana. Kiswahili chetu sote kilikuwa cha kuazima, chake cha porini na changu cha misheni, na tena heshima ilitaka hivyo. Mkwe hakai akaongea na baba mkwe, wala hali naye sahani moja. Akitaka jambo alimwambia mama mkwe, na mama mkwe akaniambia mimi, hata kama tumesimama wote watatu mahali pamoja. Alikuwa mwembamba, mwenye makovu ya kuumwa na nyuki kwenye kope, na akipita karibu yangu alitazama chini. Nilijiaminisha kwamba ananidharau. Nilihitaji mtu wa kumkasirikia, na yeye alikuwa karibu.

Kiangazi cha tatu, siku moja kabla ya baba mkwe na wenzake kuondoka, kila kitu kilikuwa tayari. Kamba zimelowekwa na kukaushwa, mienge ya magome imefungwa mafungu mafungu, shoka limenolewa, malindo matupu yamepangwa ukutani. Wenzake wanne wangempitia alfajiri. Ndivyo walivyokwenda siku zote, watano pamoja, kwa sababu kule kuna simba na mtu hapandi mti wa mzinga bila mwenzake chini.

Mchana nilikuwa napukuchua mahindi. Nikamwona kaka yangu anaingia uani akikokota baiskeli, na nyuma yake, kwenye keria, kitu kirefu kimefungwa kwa mkeka. Kaka yangu ni mtu wa kelele. Tangu mbali hupiga kengele ya baiskeli na kuita. Siku ile alisimama tu katikati ya ua, ameshika usukani, vumbi mpaka kwenye nyusi, na mimi nikaacha mahindi kabla hajasema lolote.

"Dada, baba hatunaye," akasema.

Ilikuwa homa. Alirudi kutoka ziwani akijisikia baridi, akalala siku nne, ya tano akafa. Walimzika makaburi ya misheni. Kaka alikuwa ameondoka siku ya pili baada ya maziko, baiskeli ikapasuka mpira mara mbili njiani, na sasa siku tisa zilikuwa zimepita. Siku tisa nilikuwa nimetwanga, nimeteka maji, nimecheka na majirani, na baba yangu yuko chini ya udongo. Mpaka leo jambo hilo linaniuma kuliko kifo chenyewe.

Kilichokuwa ndani ya mkeka ni kuhe. Baba alimvua wiki mbili kabla ya kuumwa, akampasua mwenyewe, akamtia chumvi na kumkausha kwa moshi, kichwa chake kikiwa mahali pake, na akasema huyu ni wa binti yangu wa Magamba, mahindi yakishavunwa mtampelekea. Alikuwa mkubwa sana. Niliona alama za kisu cha baba kwenye nyama, ile mistari ya mshazari aliyozoea kuikata ili chumvi iingie, nikaifuata kwa kidole mmoja baada ya mwingine.

Sasa lazima niseme desturi ya ukoo wetu, maana bila hiyo hakuna kisa. Kwetu mtoto ambaye hakuwahi kutupa udongo kaburini humzika mzazi wake kwa chakula. Anapika kile marehemu alichokipenda, kwa mkono wake, kwenye jiko lake mwenyewe, na anakila pamoja na watu wa nyumba yake kabla jua la siku aliyopata habari halijazama. Asipofanya hivyo tunasema amemwacha mzazi wake nje. Hakuna adhabu wala mzimu wa kumtisha. Ni kwamba amemwacha nje, basi, na yeye mwenyewe anajua.

Na samaki alikuwa ndani ya ua, na kamba za baba mkwe zilikuwa zinaning'inia ukutani hatua kumi kutoka pale.

Mume wangu alirudi kutoka mgodini alasiri. Alilia nami, kwa kweli alilia, maana alimpenda baba. Kisha akamtazama yule samaki, akatazama zile kamba, na akaanza kutafuta njia, kama wanaume wanavyofanya. Akasema niende nikapikie kwa yule mama Mfipa, kama kawaida yangu. Yeye na kaka watanisindikiza mpaka kule. Mzee anaondoka alfajiri, akasema, ni siku moja tu, tusimharibie safari.

Nilimjibu bila kupunguza sauti, ingawa nilijua baba yake yuko ndani na ukuta ni wa fito na udongo. "Baba yangu hazikwi uani kwa watu," nikamwambia. "Kama hana mahali kwenye nyumba hii, na mimi sina."

Nikaendelea, maana nikishaanza huwa sina breki. Nikasema nimechoka kusugua mikono kwa majivu kama mtu aliyeua. Nikasema kesho kaka akipanda baiskeli, mimi napanda nyuma, na Magamba hawataniona tena. Haikuwa kutishia. Nilikuwa nimeshapiga hesabu ya vitenge vyangu na sufuria yangu. Mume wangu alikaa chini, akaweka kichwa mikononi. Ndani baba mkwe alikohoa, mara moja.

Mama mkwe ndiye aliyetoka. Alikuwa amebeba lindo la mwisho la asali ya mwaka uliopita, ile iliyobaki, ambayo ilikaa chumbani kwa mumewe na hakuna aliyeigusa bila ruhusa yake. Akaliweka miguuni pangu. Akasema mzee anasema nipike, jiko ni langu.

Nilidhani nimeelewa. Nilidhani sasa atatoka na mkoba wake na shoka lake aende akalale kwa mwenzake mmoja, mbali na harufu, na kesho aondoke kutokea huko. Na haki alikuwa nayo. Nilikuwa hata nimeanza kushukuru, shukrani ya shingo upande. Lakini alipotoka alikuwa na kigoda tu. Akakiweka karibu na ukuta, upande ambao upepo hauelekei, akakaa, akatazama chini kama kawaida yake.

Nikaanza kazi. Nilimlowesha kuhe kwenye maji ya vuguvugu mpaka nyama ikalegea na chumvi ikatoka. Kaka yangu alikata miti mibichi akafunga uchanja. Alikuja na chupa ya mawese kutoka nyumbani, nikampaka samaki pande zote mbili, mikono yangu ikawa myekundu mpaka kwenye vifundo. Nilitwanga pilipili. Nilikamua malimau kwa kuwa ndimu hatukuwa nazo. Nikafungua lindo na kumimina asali kwenye bakuli, nzito, nyeusi kidogo, yenye harufu ya msitu wa miombo unapochanua. Nikachanganya, nikaonja, na ilikuwa ileile ya baba. Nikamlaza samaki juu ya makaa, nikachukua unyoya.

Hapo mkono ukasimama. Sikujua la kufanya. Nilimgeukia kaka yangu nikamuuliza baba alikuwa anaweka asali wakati gani, mwanzo au katikati, na moto ukiwaje. Akanitazama akafungua mdomo, na nikaona kwamba hata yeye hajui. Wote wawili tulikuwa tumeona mgongo. Tukabaki tumesimama, watu wazima wawili, watoto wa mvuvi, hatujui kupika samaki mmoja.

Jua lilikuwa linashuka. Nikasema liwe liwalo, nikachovya unyoya na kumpaka samaki mzima, kwa wingi, moto ukiwa bado unawaka kwa nguvu. Asali ikaanza kutokota. Ikafanya mapovu, ikawa kahawia, kisha kabla sijajua nishike wapi ikawa nyeusi, na moshi mchungu ukapanda ukatujaa machoni. Nilijaribu kumgeuza, ngozi ikagandia uchanja na kuchanika kwenye zile alama za kisu cha baba. Nikaangusha unyoya. Nikakaa chini palepale kwenye majivu nikalia, kilio ambacho tangu mchana nilikuwa nimekibana kwa hasira. Nililia kwamba nimemwacha nje. Nililisema kwa sauti, mara nyingi.

Nikasikia kigoda kimesogezwa. Nilipoinua macho, baba mkwe alikuwa anakuja kwenye moto.

Mama mkwe alimwita kwa sauti ya chini. "Mzee, kamba zako."

Akainama, akamshika kuhe kwa mikono miwili, akamwinua kutoka kwenye uchanja na kumlaza juu ya jani la mgomba. Mikono ileile ya kushika mizinga. Mume wangu alisimama, akakaa tena. Mzee alichomoa kisu kidogo kiunoni, akaanza kukwangua asali iliyoungua, taratibu, asiondoe nyama, kama alivyokwangua nta siku zote. Kisha akatawanya makaa kwa kijiti, akaacha machache tu katikati, akayanyunyizia majivu. Akamrudisha samaki. Akazunguka, akachuchumaa upande wa pili wa moto, tukawa tunatazamana mimi na yeye kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

"Asali haitaki moto mkali, mama," akaniambia. Mama ni mimi, ndivyo alivyoniita. "Inawekwa mwisho, samaki akishaiva. Baba yako alikuwa anasubiri. Nyie mlikaa nyuma yake. Mimi nilikaa hapa, upande huu."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Miaka yote ile, Wakonongo walipofika Karema na malindo yao, baba aliwapikia kuhe kabla hawajaanza safari ya kurudi, na wageni walikaa ng'ambo ya moto, wanamtazama. Sisi watoto tuliona fulana. Yule mzee mwembamba aliona mikono na uso, na kiasi gani cha asali, na alisubiri nini. Nilimuuliza, na sikupitishia swali kwa mama mkwe, kwamba baba alikuwa anasema nini akisubiri. Akasema hakuwa anasema kitu, alikuwa anapuliza makaa kidogo kidogo, na mara nyingine anatutazama sisi watoto kwa kuibia kuona kama tunamwangalia.

Tukasubiri. Mafuta yalipoanza kudondoka moja moja na nyama kupasuka yenyewe, akaokota unyoya, akaufuta, akanipa. Akasema, sasa. Nikapaka mara ya kwanza, kidogo. Akanyoosha kidole ningoje. Asali ikanywea, ikang'aa. Nikapaka tena. Mara ya tatu alitikisa kichwa kwamba inatosha, na kuhe alikuwa mwekundu na anang'aa, isipokuwa pale palipochanika.

Tulitandika mkeka uani. Jua lilikuwa limefika kwenye vilele vya miti. Mimi, mume wangu, kaka yangu, mama mkwe, ugali mmoja na sinia moja. Baba mkwe alinawa mikono, akaja, akakaa kwenye mkeka uleule, na akala kutoka kwenye sinia ileile. Utamu ulitangulia, pilipili ikaja nyuma, na mwishoni palikuwa na uchungu kidogo wa ile asali niliyoiunguza, uchungu ambao baba hakuwahi kuuweka na mimi sikuweza kuuondoa. Tulimmaliza wote, isipokuwa kichwa. Kichwa kilibaki kwenye sinia katikati yetu. Kaka yangu alikitazama, mimi nikakitazama, kisha nikakifunika bakuli. Kaka akasema atakibeba kesho akakitupe ziwani. Nikakubali, kwa kuwa sikuona mwenye nacho.

Kuhusu ule mwiko niseme wazi. Mimi sikuuamini wakati ule, na leo siuamini. Kama mzee angeuona ni upuuzi, kama nilivyouona mimi, kula kwake kungekuwa adabu tu, na adabu ningeishukuru nikaisahau. Lakini yeye aliuamini kama anavyoamini kwamba moto unaunguza. Mwezi ulikuwa na siku tatu tu tangu uandame. Kabla ya mwezi mwingine wenzake wangekuwa ndani kabisa ya pori, na mtu haendi huko peke yake. Mizinga yake ingerinwa na nyegere na siafu. Kila tonge alilotia mdomoni alijua linakwenda wapi.

Alfajiri niliamka mapema kwa sababu kaka alikuwa anajiandaa kuondoka. Nilikuwa jikoni naosha sinia kwa majivu nilipowasikia wale wanne wanafika, vyombo vyao vinagongana, wanapiga hodi kwa furaha ya safari. Kisha furaha ikakatika. Nadhani waliipata harufu. Ilikuwa bado imetanda ua mzima. Mlango wa baba mkwe ukafunguliwa.

"Nendeni," akawaambia. "Mimi sigusi mzinga. Nimekula samaki."

Mmoja wao akamuuliza kwa hasira nani aliyeleta samaki nyumbani mwake wakati kama huu. Nikaacha kuosha. Nilitaka kusikia atanitaja vipi.

"Nina msiba," akasema. "Amefariki ndugu yangu wa Karema."

Wakampa pole mmoja baada ya mwingine, nikasikia hatua zao zikishika njia ya porini, na shoka la mmoja wao likigonga lindo kwa mbali, mpaka likapotea. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaja jikoni. Baba mkwe haingii jikoni kwa mkwe wake; alisimama mlangoni, ameshika zile kamba zake mkononi, ameshazizungusha vizuri, na akazitundika kwenye msumari juu ya mlango wangu. Zilikaa pale kiangazi kizima. Mwaka ule nyumba yetu haikuwa na asali hata ya mtu mwenye kikohozi, na sikumsikia akilisema hilo hata mara moja.

Kaka yangu alikuwa ameshafunga mkeka kwenye baiskeli, anangoja nimpe kile kichwa akitie kwenye mfuko wake wa safari. Mimi nilikuwa sijafunga chochote. Baba mkwe alitazama lile bakuli lililofunikwa, akanitazama mimi, na safari hii hakutazama chini.

"Kile kichwa kipo bado?" akauliza.

Nikamwambia kipo, baba. Nikafunua bakuli nikamwekea mbele yake, pamoja na maji ya kunawa. Akakaa kwenye kizingiti, akakila chote, akanyonya na mifupa.